Picha Ilizimika Jeneza Likiwa Njiani

Jumamosi, Ruiru na Ngoingwa.

Jua la Februari lilianza kuchoma kabla hata sijatoka nyumbani Ngoingwa. Sasa ni jioni, hewa imepoa, lakini mimi sijapoa. Nimeoga, nimekunywa chai, nimejaribu kutazama taarifa ya habari nikaishia kuangalia midomo ya msomaji ikichezacheza. Mwili uko kwenye kiti. Moyo bado uko Ruiru, kwenye chumba cha seva.

Naandika leo hii hii kwa sababu nisipoandika, kesho nitaanza kujisimulia hadithi nzuri kuliko ilivyotokea.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi na mwenzangu Manjit tuna kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti. Mtu wa Thika au Ruiru akitaka tovuti ya duka, ya shule au ya kanisa, sisi tunaiweka kwenye mashine zetu na kuhakikisha haizimiki. Manjit amezaliwa Thika, anajua kila mtu na baba yake, kwa hivyo yeye ndiye wa kutafuta wateja. Mimi ni wa mashine.

Na mashine zetu zinahitaji maelezo. Hatukununua seva kubwa kama zile za kampuni za Nairobi. Tulichukua maboksi ya chuma, mapana na mafupi, ambayo ndani yake zinaingia mashine ndogo ndogo kama droo za kabati. Kila droo ina prosesa yake, memori yake na diski zake. Prosesa zenyewe ni zile zile za kompyuta ya mezani, ndugu wa ile iliyo ofisini kwa mhasibu au kwa kijana anayecheza gemu. Zina kasi, hazili stima sana, na duka la kuuza sare za shule halihitaji zaidi ya hapo. Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote: droo moja ikifa, wanaoumia ni wachache. Seva kubwa ikifa, inaanguka na mtaa mzima.

Hiyo ndiyo hotuba yangu. Leo nilikuwa niitoe mbele ya wageni.

Wageni walikuwa Sista Perpetua, msimamizi wa zahanati za kanisa zilizotawanyika kuanzia Kiganjo mpaka huku Ruiru, na Bwana Gitau, mshauri wake wa mambo ya kompyuta. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka rekodi za wagonjwa wao. Manjit amewafuata hao watu muda mrefu, ameketi kwenye harambee zao, amekula keki zao. Wiki hii aliniambia bila kuzunguka kwamba tukiwapata tutapumua, na tukiwakosa haoni tukienda mbali.

Kwa hivyo asubuhi nilifika mapema, nikapanguza vumbi, nikafunga nyaya vizuri. Ndipo simu yangu ikalia ile sauti nisiyoipenda.

Droo ya mwisho upande wa kulia ilikuwa inalalamika. Nitaeleza kwa urahisi. Memori tunazotumia zinajikagua zenyewe: kitu kikiharibika kidogo ndani, zinakisahihisha na kuniandikia ujumbe. Si kila prosesa ya mezani inakubali memori za aina hiyo, na nilipigania sana tuchukue zinazokubali. Ujumbe mmoja si kitu. Lakini huu ulikuwa unakuja, unatulia, halafu unakuja tena. Nimeona hali hiyo mara moja tu maishani. Inafika mahali kosa linakuwa kubwa kuliko uwezo wa kusahihisha, na mashine inaganda kama mtu aliyepigwa na butwaa.

Dawa ni moja: unazima hapo, unawasha kwenye droo ya jirani ambako nakala ya kila kitu inangoja. Dakika chache za giza, basi.

Nikaangalia ni nani wako ndani ya hiyo droo. Wengi ni maduka. Mmoja alikuwa Wambui.

Wambui ni mama wa hapa Ngoingwa anayepiga video za harusi na mazishi na kuzirusha moja kwa moja ili jamaa walio mbali waone. Kamera yake inatuma picha kwenye mashine yetu, na mashine yetu inawagawia watazamaji popote walipo. Leo alikuwa kwenye mazishi, kwenye shamba la familia moja nje kidogo ya Kiganjo. Tayari alikuwa hewani.

Nikampigia. Alinong'ona, na nyuma yake nikasikia sauti ya mhubiri kwenye spika.

"Wangari, usiguse kitu! Haki nakuomba. Kijana wa marehemu ako Amerika, makaratasi yake bado, akitoka huko hawezi kurudi. Ako hapo anaangalia baba yake akizikwa. Ukizima saa hii nitamwambia nini?"

Nikamwambia mashine ni mgonjwa na inaweza kuzimika yenyewe.

Nikamsikia akisogea mbali na spika. "Basi ngoja. Pasta akimaliza, watu watatembea kutoka kwa hema mpaka kaburini. Hapo mimi sina cha kuonyesha ila migongo. Nitakupigia, unazima, unarudisha kabla wateremshe jeneza. Sawa?"

Sawa.

Manjit alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Makosa yote yamesahihishwa?" akaniuliza.

"Mpaka sasa."

"Basi inafanya kazi yake. Wageni wako kwa ngazi. Wakienda, fanya unachotaka. Si leo, Wangari. Tafadhali, si mbele yao."

Nakiri kwamba sehemu yangu moja ilikubaliana naye. Nilikuwa naogopa. Sikuwa naogopa mashine, nilikuwa naogopa sura ya Manjit tukikosa hawa watu.

Sista Perpetua ni mwanamke mfupi, mwenye viatu vya kazi na macho yasiyoharakishwa. Alinisalimu kwa mikono miwili. Bwana Gitau alikuwa ameshachuchumaa mbele ya boksi kabla ya kumaliza habari ya asubuhi.

"Hizi ni prosesa za desktop," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Nyumbani nina kama hii. Mtoto wangu anachezea gemu za mpira."

Manjit akacheka kicheko chake cha biashara. Mimi nikaanza hotuba yangu: droo, kasi, stima, wachache wanaoumia. Huku nikisema, simu mfukoni ikatetemeka. Nikaendelea. Ikatetemeka tena. Nikajikuta naongea haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali kabla mbwa hajamwona.

Bwana Gitau si mjinga. Lazima niseme hivyo, maana ingekuwa rahisi kumwandika vibaya. Aliuliza maswali ya mtu anayejua. Akauliza hewa inaingia wapi na kutokea wapi, na feni moja ikifa inakuwaje. Halafu akafika pale pale.

"Na memori? Zinajikagua?"

"Zinajikagua."

"Umewahi kuona kosa?"

Manjit aliniangalia. Hakukunja uso wala kutikisa kichwa. Aliniangalia tu, na katika yale macho kulikuwa na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Ningeweza kusema *mara chache*. Isingekuwa hata uongo kamili.

Nikatoa simu, nikamgeuzia Bwana Gitau kioo. "Naliona sasa hivi. Droo ile ya mwisho. Limeanza asubuhi, na linazidi."



Bwana Gitau alisoma, akasogeza kidole, akasoma tena. "Na hujazima?"

"Nangoja simu."

Ni Sista aliyeuliza jambo ambalo hakuna mteja amewahi kuniuliza. "Ni nani ako hapo ndani?"

"Ni mazishi, Sista."

Nikamweleza kuhusu Wambui, kijana aliye Amerika, pasta na kaburi. Akauliza marehemu anaitwa nani. Nilijua jina kwa sababu liliandikwa kwenye ukurasa wa Wambui: Mzee Karanja. Sista akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi ningezima sasa," Bwana Gitau akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mkibahatisha mnaweza kupoteza yote. Ibada inarekodiwa, huyo kijana ataangalia baadaye."

"Kuangalia baadaye si kuhudhuria," Sista akasema.

Basi tukangoja. Watu wanne wamesimama mbele ya boksi la chuma kama waliokuja kumtazama mgonjwa. Nilifungua ukurasa wa Wambui kwenye kompyuta ndogo. Hema jeupe. Akina mama na leso kichwani. Jeneza la rangi ya kahawa, na pembeni yake mwanamke mzee aliyeketi wima, amevaa koti zito kwenye jua lile, mkono mmoja juu ya mbao. Hakuutoa huo mkono hata mara moja.

Ujumbe ulikuwa unaingia mmoja baada ya mwingine sasa. Niliweka simu kifudifudi. Kuujua hakukunisaidia tena.

Watu kwenye hema wakasimama. Wanaume wakainua jeneza. Simu ikalia.

"Sasa," Wambui akasema.

Nikatoa amri ya kuzima.

Mashine ilianza kufunga kazi zake vizuri, moja, nyingine, kisha ikasimama. Haikuzimika wala haikuwaka. Kioo kiliganda na maneno nusu. Lile kosa kubwa lilikuwa limefika, na lilichagua kufika hapo.

Nilingoja pumzi kadhaa nikitumaini. Manjit akasema jina langu polepole. Nikaenda nyuma ya boksi, nikafungua kishikizo, nikaivuta ile droo nje kwa mikono yangu ikiwa bado ina moto. Kisha nikaiamuru droo ya jirani iamshe nakala. Ikakubali, lakini kwa sababu ile ya kwanza ilikufa vibaya, ikataka kukagua diski kwanza. Hakuna njia ya kuiharakisha. Unaangalia mstari ukisonga, na unajichukia.

Wambui hakuwa amekata simu. Nafikiri alisahau. Kutoka kwenye spika ya simu yangu tulisikia yote: nyayo kwenye majani makavu, wimbo wa kanisa unaoimbwa na watu wanaotembea, halafu wimbo ukakatika katikati.

Mtu akapiga kelele. Kisha sauti nyingi kwa pamoja: "Mama! Mshikeni mama! Leteni maji!"

Kwenye kompyuta, ukurasa wa Wambui ulikuwa mweusi. Sista Perpetua aliweka mkono wake juu ya bega langu.

Picha iliporudi, jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Watu walikuwa wanarusha udongo, mmoja mmoja. Yule mwanamke wa koti hakuonekana popote.

Bwana Gitau alisema kwa upole kuliko nilivyotarajia. "Zile seva kubwa zina njia ya kukitenga kipande kibovu na kuendelea."

"Ni kweli," nikasema. "Nyingi zinayo. Hizi zetu hazina. Hizi zilichofanya ni kuniambia mapema."

"Na umetuambia," Sista akasema. Wakaaga. Manjit akawasindikiza mpaka kwenye gari.

Alikawia huko chini muda mrefu. Aliporudi alifunga mlango kabla ya kusema.

"Gitau amesema watapeleka rekodi zao Nairobi. Sista hakusema kitu. Alinishika mkono tu, kama anayenipa pole."

Nikaiweka ile droo iliyokufa juu ya meza.

"Neno moja, Wangari. Ulikuwa unahitaji kusema neno moja tu."

"Na siku zahanati ingezimika?"

"Hakuna zahanati sasa!" Manjit huwa hapazi sauti. "Unajua ni watu wangapi wangesema kweli pale? Hakuna. Hakuna hata mmoja. Na biashara zao zinaendelea."

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma kwa wakati mmoja. Tukakaa kila mtu na kompyuta yake, tukijifanya tunafanya kazi.

Alasiri, simu ya ofisi ikalia. Namba ndefu ya ng'ambo. Niliweka spika kwa mazoea.

"Hello. Naitwa Ndung'u. Mimi ni mtoto wa yule mzee amezikwa leo Kiganjo. Wambui ndiye amenipa hii namba."

Nikampa pole. Akasema asante kama mtu anayesogeza kitu kinachomzuia njiani.

"Madam, nataka kuuliza kitu kimoja. Picha ilipotea wakati walikuwa wanabeba baba. Wajomba wanasema ni network. Wambui anasema ni machine. Kila mtu ana yake." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Tangu hapo nikipiga simu ya mama haishikwi. Wanasema amelala. Mama yangu halali mchana. Hajawahi. Nataka uniambie ukweli: waliambia Wambui azime, ili nisione kitu?"

Manjit alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilitengeneza neno bila sauti: *mtandao*. Sema ni mtandao. Na nilimwelewa. Tayari tulikuwa tumepoteza zahanati, na huyu angeweza kutuandika vibaya kila mahali wateja wetu wanaposoma.

"Hakuna aliyemwambia Wambui azime," nikasema. "Ni mashine yangu iliyoharibika. Mimi ndiye niliyeizima, kwa mkono wangu. Nilidhani itarudi kabla ya kaburi. Haikurudi. Pole sana, Ndung'u."

Nikasikia gari likipita huko aliko.

"Kwa hivyo si wao."

"Si wao."

"Nilikuwa nimeshawatukana," akasema. "Mjomba wangu mkubwa. Nimemtukana." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na mama?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko asubuhi yote. Halikuwa jambo langu. Mimi si wa familia, mimi ni mtu wa mashine. Wakubwa wake walikuwa wameamua nini aambiwe, na pengine walikuwa na sababu.

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilisikia tu kwa simu ya Wambui. Nilisikia watu wakisema mama ashikwe, na aletewe maji. Zaidi ya hapo sijui. Usiulize wajomba. Mwambie Wambui aende na simu mpaka kitandani kwa mama, umwone wewe mwenyewe."

Akakata bila kuaga. Sikumlaumu.

Manjit akavuta kiti, akakileta karibu na meza yangu. Akafungua orodha ya wateja waliokuwa kwenye ile droo.

"Nani anapigia nani?" akauliza. "Wa maduka niachie mimi. Wananijua."

Tukawapigia wote, tukawaambia kilichotokea. Wengine hawakuwa hata wamegundua. Mmoja alituita wezi. Manjit alimsikiliza mpaka akachoka.

Ujumbe wa Wambui ulinikuta njiani nikirudi nyumbani. Ameandika kwamba mama alianguka kwa presha, kwamba daktari amemwona, kwamba anakunywa uji. Wajomba walimkataza asiingie chumbani na simu. Akaingia. Mama na kijana wake waliangaliana, halafu wakaanza kulia pamoja, na yeye Wambui akaegemeza simu kwenye mto na kutoka nje.

Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi.

Manjit bado hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijamwuliza. Jumatatu tutaitoa kila droo, tuipime, na ikiwa kuna memori nyingine mbovu tutamwambia mwenye tovuti kabla hajaanza kuuliza. Hilo tumekubaliana. Mengine hatujui.

Jambo moja linanikosesha utulivu. Watu watasema nilimwambia Ndung'u ukweli kwa sababu mimi ni mtu wa ukweli. Sina hakika. Nafikiri nilimwambia kwa sababu asubuhi nilikuwa nimeshausema mara moja, na mdomo ulikuwa umeshaizoea njia.

Kama Bwana Gitau alipouliza ningejibu *mara chache*, na alasiri simu ile ikalia, ningemwambia nini mtoto wa watu?

Sijui. Nazima taa nikiwa sijui.